Kijana wa nyuzi aliyeishiwa meno: Dk Livingstone na kinywa chako

Kama unaishi Mbagala, Tandika, Manzese au Mwananyamala, bila shaka huenda Kariakoo mara kwa mara, na huko umewahi kukatiza Mtaa wa Livingstone. Jina hilo tulilisikia darasani: Mzungu aliyezunguka Afrika kwa miguu, akakutwa Ujiji na Stanley, kisha maiti yake ikabebwa hadi Bagamoyo. Leo tumtazame kwa upande ambao vitabu vya shule huupita haraka, yaani kinywa chake.

Nakuomba uyasome maisha haya kama mgonjwa au kama mzazi, si kama mwanafunzi wa historia. Ndani yake kuna jambo linalokuhusu usiku wa leo kabla hujalala. Jino likishalegea, ushujaa hausaidii, elimu haisaidii, na hata udaktari husaidia kwa kiasi kidogo tu. Kinachosaidia ni kazi ndogo inayofanywa kila siku, mapema, wakati jino bado limesimama imara.

MTOTO WA KUUNGA NYUZI

David Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, Uskoti. Familia yake iliishi katika chumba kimoja ndani ya jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Wewe uliyelelewa, au unayelea, katika chumba kimoja cha kupanga huko Tandale au Keko, huhitaji kuelezwa hali hiyo ikoje.

Alipofika miaka 10 akaingizwa kiwandani. Kazi ilianza saa 12 asubuhi na kumalizika saa 2 usiku. Watoto wa umri wake walipewa kazi ya kuunga nyuzi: mtoto alipita huku na huko kati ya mashine, akitafuta uzi uliokatika, akaushika kwa vidole na kuuunganisha kabla mashine haijauvuta. Kutokana na mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Usiku alikwenda shule, na mchana aliegesha kitabu kwenye mashine ili asome sentensi moja moja kila alipopita.

Shika hapo, msomaji. Vidole vya mtoto huyu vilijua uzi kabla havijajua kalamu. Na katika miaka hiyohiyo, ng'ambo ya bahari, daktari mmoja wa meno alikuwa akiwahimiza watu waingize uzi katikati ya meno yao.

Daktari huyo aliitwa Levi Spear Parmly, Mmarekani aliyefanya kazi katika mji wa New Orleans. Inajulikana kuwa kuanzia mwaka 1815 alikuwa akiwashauri wagonjwa wake kutumia uzi wa hariri uliopakwa nta, na mwaka 1819 akachapisha kitabu kuhusu utunzaji wa meno. Aliona kwamba mswaki husafisha mbele na nyuma ya meno lakini huacha uchafu pale jino na jino vinapogusana. Mwaka 1815 Livingstone alikuwa mtoto wa miaka miwili. Ushauri huo ulichukua muda mrefu sana kuwafikia watu wa kawaida. Nyuzi za meno zilianza kuuzwa na kampuni za Marekani miaka ya 1880, wakati Livingstone ameshalala kaburini.

DAKTARI WA ENZI YA KOLEO

Mwaka 1836 Livingstone alianza kusoma udaktari mjini Glasgow, huku akirudi kiwandani wakati wa likizo ili apate ada. Mwaka 1840 akapata cheti chake cha udaktari, na mwishoni mwa mwaka huo akapanda meli kwenda Afrika Kusini kama mmisionari.

Ni vizuri ujue daktari wa wakati ule alikuwa na nini mkononi. Dawa ya usingizi ilikuwa bado: daktari wa meno William Morton aliionyesha hadharani mjini Boston mwaka 1846, miaka sita baada ya Livingstone kuhitimu. Ujuzi kwamba vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa tindikali inayotoboa meno ulielezwa vizuri na Willoughby Miller katika kitabu chake cha mwaka 1890. Kwa hiyo daktari wa enzi ya Livingstone, mbele ya jino bovu, alikuwa na koleo, na mgonjwa alikuwa na uvumilivu wake. Kuzuia jino lisiharibike lilikuwa jambo ambalo wachache sana walilifikiria.

Mwaka 1844, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimrukia na kumtafuna mkono wa kushoto. Mfupa wa juu ya kiwiko ulivunjika na nyama ikabaki na majeraha 11 ya meno ya simba. Mfupa ule haukuunga sawasawa, lakini alijifunza kuutumia hivyohivyo kwa miaka 29 iliyobaki. Kumbuka mfupa huo, maana tutaurudia.

MENO ALIYOYATAZAMA KWA WATU

Livingstone alikuwa mtazamaji mzuri. Kati ya mwaka 1854 na 1856 alivuka bara kutoka Luanda, kwenye Bahari ya Atlantiki, hadi Quelimane kwenye Bahari ya Hindi. Alipopita katika nchi ya Watoka, karibu na Mto Zambezi, aliona desturi ya vijana wa kike na wa kiume kung'olewa meno ya mbele ya juu wanapofikia balehe. Hakuishia kuieleza desturi. Aliandika pia kuhusu kilichotokea baada ya hapo: meno ya chini, kwa kukosa wenzao wa kukutana nao, yalirefuka na kujipinda kuelekea nje, na mdomo wa chini ukajitokeza.

Jambo hilo daktari wa meno wa Temeke huliona kila wiki. Meno huishi kwa kutegemeana. Gego la chini likitolewa, gego la juu lililokuwa likikutana nalo huanza kushuka taratibu, na majirani wa kulia na kushoto huinamia kwenye pengo. Chakula hupata sehemu mpya za kujificha. Baada ya miaka michache mtu aliyeng'oa jino moja anajikuta ana matatizo katika meno matatu. Ndiyo maana mzazi hapaswi kusema kwamba mtoto ana meno mengi, likiuma moja liondolewe tu.

LUNDA, MAHINDI NA NJAA

Safari yake ya mwisho ilianzia kwetu. Januari 1866 Livingstone alifika Zanzibar, wakati Sultani Majid akiwa katika miaka ya mwanzo ya kuujenga mji wake mpya wa Dar es Salaam. Jumba alilokaa Unguja linajulikana kwa jina lake mpaka leo. Machi mwaka huo alishuka Mikindani na kuanza kupanda bara kwa kufuata upande wa Mto Ruvuma.

Ilikuwa safari ya dhiki. Januari 1867 baadhi ya wapagazi walitoroka na sanduku lake la dawa, na dawa ya homa ikaenda nalo. Kuanzia hapo daktari alitembea bila dawa. Njaa nayo ilikuwa kali. Katika nchi ya Lunda, upande wa Ziwa Mweru na kwa Kazembe, kulikuwa na nyakati ambapo nyama haikupatikana na chakula kikawa mahindi. Aliyang'ata kwenye gunzi, siku baada ya siku, akiwa mwili umedhoofika kwa homa na kuhara.

Meno yake yakaanza kucheza. Mengine yakavunjika. Katika barua aliyomwandikia binti yake Agnes alimweleza jinsi meno yalivyovunjika kwa kurarua mahindi na vyakula vingine vigumu, na kwamba sasa yalikuwa yanatoka, likiwamo moja la mbele. Kisha akamtania kwamba kinywa cha baba yake kimekuwa kibaya kiasi kwamba busu lake sasa itabidi lipokelewe kwa mbali.

Mzaha huo una machungu. Mkewe Mary alikuwa amefariki mwaka 1862 huko Shupanga, kando ya Zambezi. Mwanawe Robert alikuwa amefia Marekani mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Agnes alikuwa ndiye mtoto aliyemwandikia mambo ya moyoni, na miongoni mwa mambo hayo alichagua kumweleza habari ya meno. Mtu aliyepoteza meno ya mbele hupoteza pia namna ya kucheka, kuzungumza na kukaribiana na watu. Kama umewahi kumwona mtu akiziba mdomo kwa kiganja kila anapotabasamu, unaelewa.

UJIJI, MWAKA 1871

Oktoba 1871 Livingstone aliingia Ujiji, Kigoma ya leo, akitokea Manyema, Kongo. Alikuwa amechoka, mgonjwa na hana kitu. Alikuwa na miaka 58 lakini alionekana mzee kuliko umri wake. Siku chache baadaye akawasili Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta. Watu wote wanakumbuka salamu waliyopeana chini ya mwembe. Wachache wanakumbuka kwamba Stanley, alipomwelezea mzee yule, alitaja pia meno yaliyoharibiwa vibaya na chakula kigumu cha safari za bara.

Halima, mpishi wa Livingstone, alijua hali hiyo kuliko wote. Alimwandalia daktari mikate laini ya unga wa mahindi, kwa sababu mzee hakuwa tena na meno ya kupambana na hindi lenyewe. Tazama mahali maisha yalipomfikisha: mtu aliyevuka bara zima kwa miguu yake, sasa chakula chake kilipaswa kulainishwa kama cha mtoto anayeanza kula.

Stanley alimletea dawa na vyakula, na mzee akapata nguvu kidogo. Walikwenda pamoja hadi kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kisha wakasafiri mpaka Kwihara, karibu na Tabora. Machi 1872 wakaagana. Agosti mwaka huo Livingstone akaondoka tena kuelekea kusini. Alifariki Mei 1, 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, kwa maradhi ya homa na kutokwa damu tumboni. Meno hayakumuua, na nisingependa uelewe hivyo. Yalimnyima kitu kingine: uwezo wa kula vizuri katika miaka ambayo mwili wake ulihitaji chakula kuliko wakati wowote.

Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba hadi Bagamoyo, ulikofika Februari 1874. Kule London, kabla ya maziko ya Aprili 18, 1874, madaktari walithibitisha kuwa ni yeye kwa kutazama ule mfupa wa mkono wa kushoto ulioumwa na simba.

MFUPA UNAOPONA NA USIOPONA

Sasa turudi kwenye mfupa ule, kwa sababu una somo la afya. Mfupa wa mkono ukivunjika, mwili hujitahidi kuutengeneza, hata bila hospitali, japo huenda ukabaki umepinda. Mfupa unaoshika mizizi ya meno una tabia tofauti. Ukishaliwa na ugonjwa wa fizi, kwa kawaida haurudi mahali pake wenyewe. Matibabu yanaweza kusimamisha uharibifu, lakini sehemu kubwa ya kilichopotea huwa kimepotea.

Livingstone alipoteza meno katika njaa, maradhi na chakula kigumu, na hakuna uzi ambao ungemaliza dhiki zote hizo. Lakini wewe unayesoma gazeti hili hauko Lunda mwaka 1868. Meno mengi ya watu wazima wa Dar es Salaam hayaondolewi na safari ngumu. Huondolewa na uchafu laini unaokaa palepale kila usiku kwa miaka 20, bila maumivu.

Kila jino lina pande tano: mbele, nyuma, juu na pande mbili zinazotazamana na majirani. Mswaki hufika vizuri kwenye pande tatu. Pande mbili zilizobaki huachwa, na ndiko ukoga hujikusanya. Ukoga ni utando laini wa vijidudu na mabaki ya chakula. Usipoondolewa, baada ya siku kadhaa huanza kuwa mgumu na kugeuka ugaga, ambao hautoki kwa mswaki wala kwa uzi. Huo huondolewa na mtaalamu wa kinywa na meno kwa vifaa vyake.

Ukoga ukikaa kwenye ukingo wa fizi, fizi huvimba, huwa nyekundu na kutoa damu unapopiga mswaki. Hatua hiyo inarekebishika kabisa. Ukiendelea, ugonjwa hushuka chini, mfupa hupungua, fizi hurudi nyuma, meno huonekana marefu, kisha huanza kucheza. Hatua hiyo ndiyo inayomkuta mtu akiwa na miaka 45, akishangaa kwamba jino zima lisilo na tundu linatikisika kama kigingi kwenye mchanga.

VIJITI, PINI NA NYUZI ZA VIROBA

Vyakula vyetu vinajua kunasa. Ukila mahindi ya kuchoma kituoni, mishikaki, muwa au embe lenye nyuzi, lazima kitu kibaki katikati ya meno. Watu huchokonoa kwa kile kilicho karibu: njiti ya chelewa, pini, sindano, ukucha, kona ya vocha ya simu, au uzi uliochomolewa kwenye kiroba. Vitu hivyo huchana fizi, huingiza uchafu, na hutoa kipande kikubwa cha nyama huku vikiacha ukoga palepale ulipo. Kama kila ukila nyama hunasa mahali pamoja, huenda hapo pana tundu au nafasi mpya iliyofunguka. Usiendelee kuchokonoa, nenda ukatazamwe.

Uzi wa meno ni tofauti na uzi wa cherehani. Ni laini, bapa au wenye nta, na umetengenezwa usikate fizi. Unapatikana kwenye maduka ya dawa makubwa na kwenye maduka ya kujihudumia. Namna ya kuutumia ni hii.

Nawa mikono. Kata uzi wa karibu sentimita 45, yaani kama kutoka ncha ya vidole hadi kiwiko. Zungushia sehemu kubwa kwenye kidole cha kati cha mkono mmoja na kiasi kidogo kwenye kidole cha kati cha mkono wa pili. Acha katikati sentimita mbili au tatu, uzishike kwa vidole gumba na vya shahada.

Upitishe kati ya meno mawili taratibu, ukiusogeza mbele na nyuma kidogo kama mtu anayekata sabuni ya kipande kwa uzi. Usiubamize ukagonga fizi. Ukishaingia, ukumbatishe jino moja uwe kama upinde, uteremshe hadi chini kidogo ya ukingo wa fizi, kisha usugue juu na chini mara chache. Rudia kwa jino la pili palepale. Ukihamia nafasi nyingine, sogeza sehemu safi ya uzi. Usisahau nyuma ya gego la mwisho.

Mara moja kwa siku inatosha, na usiku ndio wakati mzuri, kwa sababu ukiwa usingizini mate hupungua na vijidudu hupata nafasi. Tumia uzi, kisha piga mswaki kwa dawa yenye madini ya floraidi, kisha usile tena. Uzi uliotumika utupe, usiuoshe ukaurudia.

Siku za mwanzo fizi zinaweza kutoa damu. Watu wengi huacha hapo, wakidhani uzi umewaumiza. Mara nyingi damu hiyo inaonyesha kwamba fizi zilikuwa zimeshavimba. Ukiendelea kwa upole, kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikizidi wiki mbili, muone daktari wa meno.

JE, UZI UNASAIDIA KWELI?

Huenda umesikia kwamba uzi wa meno hauna faida. Habari hiyo ilienea mwaka 2016, baada ya mwongozo wa lishe wa serikali ya Marekani kuacha kuutaja. Ukweli uko katikati. Tafiti nyingi za uzi zilikuwa fupi na za watu wachache, na ushahidi kwamba unazuia meno kutoboka bado ni dhaifu. Lakini zilipojumlishwa, zilionyesha kuwa mtu anayepiga mswaki na kutumia uzi huwa na uvimbe mdogo wa fizi kuliko anayepiga mswaki peke yake. Vijiburashi vyembamba vya kupitisha katikati ya meno navyo husaidia, na kwa mtu ambaye nafasi za meno yake zimeshafunguka huenda vikamfaa zaidi.

Kwa hiyo panga vipaumbele vyako. Kama fedha ni ndogo, anza na mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na kupunguza soda, pipi na chai ya sukari nyingi kati ya milo. Uzi huja juu ya msingi huo, haukai mahali pake.

Wapo wanaohitaji kuwa makini zaidi. Mwenye kisukari hupata ugonjwa wa fizi kwa urahisi, na fizi zilizovimba nazo hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mama mjamzito fizi zake huvimba haraka kwa sababu ya mabadiliko ya homoni, kwa hiyo asiache kusafisha meno kwa kuogopa damu. Mvutaji wa sigara anaweza asione damu kabisa huku mfupa ukiliwa, kwa kuwa tumbaku huificha dalili hiyo.

KWA MZAZI

Mtoto anahitaji uzi pale meno mawili yanapogusana bila nafasi, na mara nyingi huanza kwenye magego ya utoto. Matundu mengi ya watoto hujificha hapo katikati, na mama huyaona siku mtoto anapolia usiku. Mlaze kichwa chake mapajani pako, mwanga utoke juu, upitishe uzi kwenye magego kwanza. Ni kazi ya dakika mbili. Mtoto wa chini ya miaka 10 vidole vyake bado havijaiweza kazi hiyo vizuri, hivyo ifanye wewe au umsimamie.

Dawa ya meno iwe kidogo: kama punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kama punje ya njegere kwa wa miaka mitatu hadi sita. Kumbuka kwamba gego la kwanza la ukubwani huota akiwa na miaka kama sita, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hudhani ni la utoto na kuliacha lioze. Hilo halina mbadala.

Usisubiri maumivu ndipo uende hospitali. Huduma za kinywa na meno zipo katika hospitali za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala, pamoja na Muhimbili. Nenda mapema ukiona fizi zinatoa damu kila siku, usaha, harufu mbaya isiyoisha, jino linalocheza, au uvimbe wa shavu. Uvimbe unaokufanya ushindwe kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri ni dharura, usingoje asubuhi.

Livingstone alikuwa na elimu ya udaktari na vidole vilivyozoea uzi tangu utoto, lakini enzi yake haikumfundisha kuviunganisha viwili hivyo. Kwako havijatenganishwa. Usiku wa leo, watoto wakishamaliza kula, mkalishe mmoja karibu na taa, umfungue mdomo, utazame katikati ya magego yake. Kisha simama mbele ya kioo utazame ya kwako.